Shirika la umma likiuzwa, Bunge huwa wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wetu, mwalimu wa Uraia wa sekondari mkoani Morogoro: "Nafundisha kwamba Bunge ndilo linaloisimamia Serikali. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: kama ni hivyo, TTCL, kampuni yetu ya simu, iliuzwaje, halafu ikaja kununuliwa tena kwa fedha zetu wenyewe? Bunge lilikuwa wapi? Nilijibu juu juu nikahamia mada nyingine. Naomba maelezo ya kueleweka. Shirika la umma linapobinafsishwa, Bunge lina mamlaka gani hasa, na mbona kelele za wabunge huwa tunazisikia mauzo yakishapita?"

Mwalimu, huyo mwanafunzi mpongeze kwa niaba yangu. Swali lake limewashinda watu wazima wengi, na jibu lake halipendezi. Bunge lilikuwepo, lilikaa na lilijadili, ila sheria haikuwa imeliwekea kiti kwenye chumba ambamo bei ilipangwa na mkataba ukasainiwa. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ukaguzi wa hesabu za mashirika ya umma, na kama kuna jambo moja ningependa kila mlipakodi alijue, ni kwamba nguvu ya Bunge juu ya ubinafsishaji hutegemea limeingia saa ngapi. Mbunge anayeuliza swali la kawaida wiki moja kabla ya saini ana nguvu kuliko kamati teule inayokuja baada ya miaka mitatu na makabrasha yake.

Tuanze na Katiba, kwa kuwa ndiyo unayoifundisha. Ibara ya 63(2) inaliita Bunge chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Maneno hayo ni mazito. Lakini shuka mpaka ibara ndogo ya (3), panapotajwa njia za kuifanya kazi hiyo. Utakuta kumuuliza waziri swali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti, kuidhinisha mipango ya muda mrefu na mfupi, kutunga sheria, na kuridhia mikataba ya kimataifa. Kuuza hisa za Serikali hakumo. Mkataba na nchi nyingine unaotakiwa kuridhiwa lazima upite Dodoma. Mkataba wa kumuuzia mtu theluthi ya kampuni ya simu ya taifa, ibara hiyo haiugusi.

Penye ukimya wa Katiba, sheria ya kawaida ndiyo hushika usukani. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha Sheria ya Mashirika ya Umma, na marekebisho ya mwaka uliofuata yakaunda Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ile tuliyozoea kuiita PSRC. Mashirika ya umma wakati huo yalikuwa takriban 400, na mengi yalikuwa hoi, yakiishi kwa mikopo ya benki za Serikali ambayo hayakuwa na uwezo wa kuirudisha. Tume ikapewa kazi ya kutathmini shirika, kutafuta mnunuzi, kujadiliana naye na kupeleka mapendekezo Serikalini. Bunge likabaki kupokea taarifa. Ukumbuke pia kwamba wabunge waliopitisha sheria ile walitoka chama kimoja, maana uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuja 1995. Kwa hiyo tusiseme Bunge lilinyang'anywa mamlaka hayo. Liliyaachia lenyewe, kwa kura, na kwa miaka iliyofuata halikudai yarudi. PSRC ilifungwa 2007, mabaki ya kazi yake yakaenda kwenye Shirika Hodhi la Mali za Serikali, CHC, na mwaka 2014 yakahamia kwa Msajili wa Hazina, aliye mshika hisa wa Serikali mpaka leo.

Sasa tuitazame TTCL yenyewe kwa karibu, kwa sababu kasoro karibu zote za ubinafsishaji wetu zimo humo.

Kampuni hii ilizaliwa baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa, na ikaanza kazi 1994. Februari 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa zake kwa ubia wa MSI, kampuni ya Mo Ibrahim ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Celtel, na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 120. Pamoja na hisa hizo, mbia alipewa usukani wa menejimenti, na kampuni ikahakikishiwa miaka minne ya kutoa huduma ya simu za mezani bila mshindani. Ukipiga hesabu, asilimia 35 kwa dola milioni 120 maana yake TTCL nzima ilithaminiwa kwa dola milioni 340 na ushee. Kwa nchi yetu ya mwaka 2001, hizo ni fedha za kushangilia, na zilishangiliwa kweli.

Lakini fedha iliyoingia ilikuwa nusu, dola milioni 60. Nusu ya pili ilifungwa kwenye sharti moja: isubiri hesabu zilizokaguliwa za mwaka 2000. Hesabu zilipokuja, mnunuzi na muuzaji hawakuelewana juu ya thamani halisi ya kampuni, na nusu ile ikazama kwenye mgogoro wa miaka. Mwalimu, hapo ndipo nataka wanafunzi wako wasimame kidogo. Serikali ilisaini kuuza kabla hesabu za mwaka wa mwisho hazijakaguliwa, halafu ikakubali kwamba hesabu hizohizo ndizo zitakazoamua kama mnunuzi atamalizia kulipa. Na menejimenti iliyokaa na vitabu wakati mgogoro unaendelea ilikuwa ya mnunuzi.

Asiyezoea mizania anaweza kudhani huo ni utaalamu wa wahasibu tu. Hapana, ni jambo linaloeleweka ubaoni. Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya simu inaandika kwenye mizania kwamba inawadai wateja shilingi bilioni 40. Mkaguzi akifungua orodha ya wadaiwa anakuta bilioni 15 ni ankara za miaka mitano iliyopita, nyingi zikiwa za wizara, halmashauri na taasisi za Serikali. Muuzaji anasema ni mali, zitalipwa. Mnunuzi anasema ni karatasi. Kila shilingi inayohamishwa kutoka safu ya mali kwenda safu ya madeni yasiyolipika inapunguza thamani ya kampuni, na kama mkataba umefunga bei kwenye thamani hiyo, inapunguza bei. Sasa angalia ajabu yake: mdaiwa sugu ni Serikali, na muuzaji anayepunjwa ni Serikali hiyohiyo. Ingelipa ankara zake kabla ya kuuza, ingeuza kwa bei nzuri zaidi. Nimekuta hali ya namna hii kwenye mashirika mengi, na hakuna kinachoniumiza kuliko kuona fedha ya umma inapotea kwa uzembe ambao swali moja la mbunge lingeufichua.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Mwishoni mwa 2001 Celtel Tanzania ilianza ikiwa kampuni tanzu ya TTCL. Miaka minne baadaye, 2005, ilitengwa na mama yake: Celtel ya kimataifa ikashika asilimia 60 na Serikali asilimia 40. TTCL ikabaki na nyaya za shaba na simu za mezani, wakati huohuo nchi nzima ikikimbilia simu za mkononi. Kama unataka kujua thamani ya TTCL ilitokea mlango gani, ni huo wa 2005, na uliachwa wazi hadharani. Kampuni iliyotoka humo ikabadilika kuwa Zain 2008, kisha Airtel 2010. TTCL yenyewe ikapewa waendeshaji kutoka Kanada, SaskTel, waliokuja 2007 na kuondoka 2009 bila mabadiliko ya maana. Kwa miaka yote hiyo wanahisa wawili waliokuwa hawaelewani hawakuwa tayari kuingiza mtaji, na kampuni ya simu isiyoingiza mtaji inakufa taratibu.

Mwaka 2016 Serikali ikainunua tena ile asilimia 35 kutoka Bharti Airtel, kampuni ya India iliyokuwa imerithi hisa za Celtel, kwa shilingi bilioni 14.9. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha wakati ule hizo ni takriban dola milioni 7. Hisa zilezile zilizopangiwa bei ya dola milioni 120, zikalipwa nusu, zikarudi kwa bei hiyo. Desemba 2017 Rais Magufuli akatangaza kwamba Airtel ilikuwa mali ya TTCL na akaagiza uchunguzi. Mazungumzo yakaisha Januari 2019 kwa Bharti kukubali hisa za Serikali katika Airtel Tanzania zipande kutoka asilimia 40 hadi 49 na mkopo wa kampuni mama ufutwe. Ni hatua nzuri, na simnyimi mtu sifa yake. Ila tazama imefanyika lini na imefanywa na nani: miaka kumi na minne baada ya 2005, kwa mazungumzo ya Ikulu. Bunge halikuhusika kufunga mlango wala kuufungua.

Je, wabunge walinyamaza? Hawakunyamaza. Ukisoma Taarifa Rasmi za Bunge za miaka ile utakuta maswali juu ya simu, reli, ndege na benki. Tatizo ni kwamba vyombo karibu vyote walivyonavyo vimetengenezwa kutazama nyuma. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, hutoa ripoti kila mwaka kwa mujibu wa Ibara ya 143, na ripoti hiyo inazungumzia mwaka uliokwisha. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, inafanyia kazi ripoti hiyo. Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, PIC, inaita mashirika kuyahoji jinsi yanavyoendesha mitaji yetu, na ni kamati muhimu kuliko watu wanavyodhani, lakini nayo mara nyingi hukutana na shirika lenye mwenendo uliokwisha kuzoeleka. Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakiwazi. CAG hukagua mashirika ambayo Serikali ina hisa nyingi. Serikali ikiuza na kubaki na hisa chache, kwa kawaida mkaguzi anateuliwa na wanahisa, na CAG hubaki nje ya mlango. Yaani siku shirika linapouzwa, na macho ya Bunge nayo yanapungua nuru. Celtel Tanzania ilipotoka TTCL na Serikali kubaki na asilimia 40, ndicho kilichotokea.

Wakati wa bajeti mbunge anaweza kushika shilingi, yaani kukwamisha mshahara wa waziri mpaka ajibu hoja kwa kina. Nimewahi kukaa jukwaa la wageni nikaona waziri akibadilisha majibu yake mara mbili ndani ya nusu saa kwa sababu mbunge mmoja aliyejiandaa alikataa kuiachia shilingi. Ni silaha halali na inauma. Lakini muda wa Kamati ya Matumizi ni mfupi, na gilotini, yaani saa ya kukata mjadala, ikishafika, mafungu yanapitishwa kwa mkupuo. Mwisho wa siku karibu shilingi zote hurudi.

Silaha kubwa zaidi ni kamati teule. Sote tunakumbuka Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura. Kamati ya Mheshimiwa Mwakyembe iliundwa Novemba 2007, ikasoma taarifa yake Februari 2008, na Waziri Mkuu akajiuzulu. Bunge liliwahi kuwa na meno kuliko wakati ule? Sidhani. Na bado mkataba haufi kwa sababu mtu amejiuzulu. Tazama TICTS, kampuni iliyoendesha kitengo cha makontena pale bandarini Dar es Salaam: mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2000 uliongezwa miaka 15 mwaka 2005, wakati mkataba wa mwanzo ungali na miaka mitano mbele. Mwaka 2008 Bunge likapitisha azimio la kutaka nyongeza hiyo ifutwe. Azimio zuri, lenye hoja. TICTS ikaendelea kufanya kazi mpaka mwisho wa 2022. Azimio la Bunge linaibana Serikali kisiasa, lakini mwekezaji mwenye karatasi iliyosainiwa ana mahakama na mabaraza ya usuluhishi nyuma yake. Tulipovunja mkataba wa City Water wa maji ya Dar es Salaam mwaka 2005, shauri la Biwater, mwanahisa wa City Water, lilikwenda hadi baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na hukumu ya 2008 ikasema Tanzania ilivunja wajibu wake, ingawa haikuamuru fidia. Tulitoka salama mfukoni, baada ya miaka ya mawakili.

Kuna watakaokuambia kasoro hiyo ilitibiwa 2017. Zilipitishwa sheria mbili za utajiri na maliasili za nchi, na mojawapo inaitaka Serikali iwasilishe bungeni mikataba ya maliasili ndani ya siku sita za vikao vya mkutano unaofuata baada ya mkataba kufungwa, na Bunge likikuta masharti ya kinyonyaji linaweza kuagiza yajadiliwe upya. Ni hatua ya kweli, na nilifurahi ilipopita. Soma lakini kwa makini: mkataba unakuja baada ya kufungwa. Na ni mikataba ya maliasili. Hisa za benki, za kiwanda au za kampuni ya simu hazimo.

Mwaka 2023 tukaona sura nyingine. Makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai yalisainiwa Oktoba 2022, na kwa kuwa ni mkataba kati ya serikali mbili yalipelekwa bungeni chini ya Ibara ya 63(3)(e) na kuridhiwa tarehe 10 Juni 2023. Safari hii Bunge lilikuwa na kura kabla ya shughuli kuanza, na mjadala wa nchi nzima uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona juu ya mali ya umma. Hata hivyo waraka uliopigiwa kura ulikuwa mfumo wa ushirikiano. Mambo ambayo mkaguzi angeyatafuta kwanza, yaani muda, gati zipi, nani analipa nini na lini, yalikuja kwenye mikataba iliyosainiwa Oktoba mwaka huohuo, na hiyo haikupigiwa kura. Sisemi mikataba ile ni mibaya. Nasema mpangilio ulikuwa kinyume: Bunge lilipiga kura juu ya kisichokuwa na bei, na chenye bei kikapita bila kura.

Ukitaka kuona njia tofauti, tazama Kenya, ingawa nao wamejikwaa. Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, Hazina yao ililipa shilingi za Kenya bilioni 6.09 kununua asilimia 60 ya kampuni ya simu ya Telkom Kenya kutoka kwa mwekezaji binafsi, Helios, kwa kutumia kifungu cha Katiba kinachoruhusu kutumia kwanza na kuomba idhini ya Bunge baadaye. Kamati za Bunge zikabaki kuhoji fedha iliyokwisha kutoka. Kisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 ikaja, Serikali ikatoa orodha ya mashirika 11, likiwemo jumba la mikutano la KICC na kampuni ya bomba la mafuta, na kesi zikafunguliwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria hiyo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria mpya ikasainiwa Oktoba 2025, na mwezi huohuo Bunge la Taifa likaidhinisha waraka wa kuuza asilimia 65 ya kampuni ya bomba kupitia soko la hisa. Unaweza kuupinga uamuzi huo, na Wakenya wengi wanaupinga. Lakini mbunge wa Kenya hawezi kusema hakuulizwa, na mpiga kura wake anajua alipiga kura gani. Hilo tu kwangu ni hatua kubwa.

Na tusidhani ni ugonjwa wa Afrika. Uingereza iliuza Royal Mail Oktoba 2013 kwa peni 330 kwa hisa. Siku ya kwanza sokoni hisa ilifunga kwa peni 455. Mkaguzi wao mkuu alitoa ripoti Aprili 2014, kamati za Bunge zikawabana mawaziri na mabenki washauri mbele ya kamera, na hakuna hata senti moja iliyorudi.

Sasa nieleze ninachokiamini baada ya kuyaona haya. Sipingi ubinafsishaji. Benki ya NMB iliuzwa kwa awamu, mbia mwenye uzoefu kwanza mwaka 2005, wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam 2008, na Serikali ikabaki na asilimia 31.8 zinazoleta gawio kila mwaka. Hisa zilipoingia sokoni bei ilikuwa wazi, kila mtu aliiona gazetini, na kampuni ikalazimika kutangaza hesabu zake. Tofauti ya NMB na TTCL inaanzia kwenye vitabu: aliyeuza alijua anauza nini, na aliyenunua hakuachiwa nafasi ya kuhesabu upya.

Ninachotaka ni kwamba pendekezo la kuuza hisa za shirika lolote kubwa lifike mezani kwa PIC kabla halijasainiwa, likiwa na hesabu zilizokaguliwa na CAG zisizozidi mwaka mmoja, ripoti ya mthamini huru, na rasimu ya mkataba yenyewe, si muhtasari wa kurasa mbili. Kamati iwe na siku za kutosha kuusoma, na imwite mthamini aje aeleze. Halafu kura ipigwe na ukumbi mzima, kwa majina. Bila majina hakuna wajibu.

Najua hoja itakayotolewa, kwa sababu nimeijibu mara nyingi: siri za biashara. Kwamba mnunuzi akijua bei ya chini ambayo Serikali iko tayari kuipokea, atatoa hiyohiyo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini Kanuni za Bunge tayari zinaruhusu kamati kukaa faragha, na wabunge wanashughulikia mambo ya ulinzi na usalama kwa namna hiyo. Kama tunamwamini mbunge na bajeti ya jeshi, tunashindwaje kumwamini na bei ya kampuni ya simu? Tena siri ina mwisho wake. Baada ya saini hakuna mshindani wa kufichwa, na mkataba unapaswa kuwekwa mezani bungeni na viambatisho vyake. Viambatisho, Mwalimu, ndivyo vya kushikilia. Mwili wa mkataba huwa na lugha safi ya ushirikiano. Bei inarekebishwaje, nani anarithi kesi na madeni, kampuni tanzu zinakwenda na nani, ni nani anaweza kutoka na kwa gharama ya nani, hayo hukaa nyuma. Asiyesoma viambatisho ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hoja ya pili ni kwamba wabunge hawana utaalamu. Kwa sehemu ni kweli, na dawa yake ni kuwapa wataalamu. Kamati inayohoji mauzo ya mabilioni ikisaidiwa na makatibu wawili watatu wenye kazi nyingine kumi haiwezi kushindana na benki ya ushauri inayolipwa asilimia ya mauzo. Na hapo pana swali ambalo sijasikia likiulizwa ipasavyo bungeni kwetu: mshauri wa mauzo analipwa vipi? Akilipwa kwa mauzo kukamilika, atakushauri uuze. Akilipwa hata ukighairi, atakuambia ukweli.

Kwa darasani, ningekushauri usiishie kwenye ibara za Katiba. Ripoti za CAG zinapatikana wazi, na ile ya mashirika ya umma hutoka kama kitabu chake. Wape wanafunzi kazi ya kuchagua shirika moja lililo karibu nao, kiwanda, benki au mamlaka, watafute Serikali ina hisa asilimia ngapi, gawio liliingia lini mara ya mwisho, na kama hesabu zake zinakaguliwa na CAG au na mwingine. Wakati wa bajeti wafuatilie Fungu 7, la Ofisi ya Msajili wa Hazina, waone mjadala wake unapewa muda gani ukilinganisha na ukubwa wa mali anayoishika.

Na ikitokea tetesi kwamba shirika fulani linatafutiwa mbia, hapo ndipo pa kumfikia mbunge wenu. Msisubiri habari ya sherehe za kusaini. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi na hukaa foleni kabla ya kupangiwa siku, kwa hiyo mpelekeeni mapema, na mmwombe aulize jambo dogo lisilojibika kwa maneno matamu: bei inayojadiliwa imetokana na hesabu za mwaka gani, nani alizikagua, na alisaini tarehe ngapi.